Ukitaka kupiga kama Fred Wesley, skeli zisubiri

Simama hapo hapo, ndugu yangu. Umeandika kwamba utamaliza kwanza skeli zote za jazi, yaani ngazi za noti, ndipo uguse albamu za mpiga tromboni Fred Wesley, na ukauliza ununue kidomo kipi cha tromboni, kile kipande cha kupulizia. Njia hiyo nimeipita, na aliyenipeleka huko ni mwalimu aliyeniaminisha kwamba fanki, muziki wa mdundo mzito wa akina James Brown, ni jazi iliyopunguzwa noti. Hasira yangu kwake haijaisha.

Nilipopewa solo na bendi, noti zangu zote zilikuwa sahihi, lakini kila mara niliingia pigo la kwanza la mzunguko wa mdundo likiwa limeshapita, nikajaza nafasi ambazo mpiga besi alikuwa ameziacha wazi kwa makusudi, na kabla wimbo haujaisha kiongozi akaniashiria kwa mkono nishushe chombo. Solo yangu ikapewa mpiga saksafoni, nami sikuitwa tena. Hivyo ndivyo ninavyolipia fundisho la mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya mpiga dramu wa fanki.

Wesley alilelewa Mobile, Alabama, akajiunga na bendi ya mwimbaji James Brown mwaka 1968, na baadaye akaongoza The J.B.'s, bendi ambayo hata tarumbeta zake zilipigwa kama ngoma, zote zikilitii pigo la kwanza. Mwaka 1978 aliingia katika orkestra ya jazi ya Count Basie, na katika albamu ya New Friends ya 1990 anapiga jazi pamoja na mpiga piano Geri Allen. Msikilize humo: sentensi zake za muziki ni fupi, ulimi unagonga wazi mwanzo wa noti, anakaa kimya, kisha anajijibu. Kimya hicho amekitoa kwenye fanki, na hakuna skeli itakayokufundisha.

Kwa hiyo usipulize sentensi yoyote ambayo huwezi kuiimba huku mguu wako ukikanyaga pigo la kwanza. Anza na wimbo Doing It to Death wa 1973. Imba solo ya Wesley pamoja naye, nyamaza anaponyamaza, na Brown anapoitaka bendi ishuke kwenye ufunguo wa D, shuka nao bila mguu kuyumba. Ukiyumba, rudia tangu mwanzo, na tromboni ibaki ndani ya sanduku lake hadi uimalize yote.