Robo ekari, na bado inadai mrithi

Wiki hii mmetuuliza: dunia imeshafikisha watu bilioni nane, je, wingi wa watu ndio unaoleta umaskini? Ninajibu kutoka kihambani kwa babu, yaani shamba la ukoo la sisi Wachaga, Marangu, Kilimanjaro.

Babu alikuwa na ekari tatu hivi. Migomba, kahawa chini ya migomba, magimbi kando ya mfereji, ng'ombe wawili zizini. Akawagawia wanawe watatu. Baba naye ekari yake moja akatugawia sisi wanne, na kitinda mimba akabaki na nyumba kama mila inavyotaka. Robo yangu naizunguka kabla chai haijapoa. Masale tunayopanda kuonyesha mipaka yamekaribiana mno. Jirani akipiga chafya nampa pole bila kuinua sauti. Kwa hiyo anayesema idadi si hoja, aje na futi kamba.

Ila mkiishia hapo mtakuwa mmelishika swali mkiani. Bibi alizaa tisa, akazika wanne. Nikiwa kijana wa sekondari, nimejaa somo la uraia, nilimuuliza kwa nini hakupanga uzazi. Akanijibu, "Mjukuu wangu, ningezaa wawili, leo ungemuuliza nani?"

Sensa ya 1967 ilikuta Watanzania milioni 12.3, ya 2022 ikakuta milioni 61.7. Wengi husikia hapo kwamba wanawake wa leo wanazaa kupita kiasi. Kumbe wanazaa wachache kuliko bibi zao: wastani ulikuwa zaidi ya watoto sita mwanzoni mwa miaka ya 1990, mwaka 2022 ulikuwa 4.8. Kilichobadilika ni makaburi. Utafiti wa afya wa 1999 ulikuta watoto 147 katika kila 1,000 wakifa kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa 2022 ulikuta 43. Wazazi wanachelewa kuamini habari njema ya namna hiyo, na sitawalaumu.

Tazama Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa huko alizaa wastani wa watoto wanane; mwaka 2022 ni 3.4. Hawakusubiri watajirike kwanza. Lakini ndani ya nchi hiyohiyo Nairobi ni 2.5 na Mandera, kaunti ya mpakani na Somalia, ni 7.7. Serikali ni moja, sheria ni moja. Mimi naona tofauti ni umbali wa zahanati, na binti kumaliza shule au kuozwa.

Najua mtu atataja China na sheria yake ya zamani ya mtoto mmoja. Sheria hiyo ilikuja karibu na 1980, wakati uzazi ulikuwa umeshashuka kutoka karibu watoto sita hadi chini ya watatu katika muongo mmoja tu. Na kwa dunia nzima, mwaka 1990 tulikuwa bilioni 5.3 na zaidi ya theluthi walikuwa mafukara wa kutupwa. Mwaka 2019 tulikuwa bilioni 7.7 na mafukara hao hawakufika mmoja kati ya kumi. Wingi ungekuwa ndio chanzo, hesabu hiyo ingeenda kinyume.

Hapa kwetu, hadi Novemba 2021 binti aliyepata mimba hakuruhusiwa kurudi shule ya serikali. Tulikuwa tunamfungia mlango, kisha tunamshangaa ana watoto sita na hana kazi.

Mimi nina watoto wawili, wote wa kike, na mke wangu na mimi tumesema inatosha. Wazee wa ukoo hawajakubali. Kila Krismasi, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikishazunguka, wananiuliza kihamba nitamwachia nani, maana binti ataolewa. Mwaka jana baba mkubwa alinishauri nijaribu mara moja tu zaidi.