Turbo au injini ya kawaida? Kwa anayeishi Malindi hesabu ni nyingine

Mtu akitaka kuagiza gari kutoka Japani, hasa vijana wetu walioanza kazi juzi, swali huja mapema: nichukue lenye turbo, ile pampu inayoisukumia injini hewa ya ziada, au lisilo na turbo? Nimeendesha yote mawili kwa miaka hapa Malindi, nikisambaza bidhaa za maduka ya dawa kuanzia Watamu hadi Gongoni, na ndani huko Marafa. Jibu langu silifichi. Kwa gari la kila siku la mtu wa Pwani, chukua lisilo na turbo, isipokuwa una sababu unayoweza kuitaja kwa kinywa chako. Ushauri mwingi unaotufikia huku umetoka Nairobi, na Nairobi na Malindi hazivuti hewa moja.

Nasema hivyo kwa maana yake halisi. Injini huchoma petroli kwa hewa, na hewa huwa nyepesi kadiri unavyopanda. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Chukua 1NZ ya Toyota, ile injini ya 1,500 cc iliyojaa kwenye Probox na Fielder, yenye nguvu za farasi 109 hivi. Ukiifikisha Nairobi inabaki na kama 90. Ukiipandisha Timboroa inazidi kuishiwa pumzi. Hapa kwetu, bahari ikiwa hapo chini tu, zote 109 unazo, tangu asubuhi hadi usiku, bila kulipia chochote cha ziada. Kwa hiyo rafiki yako wa Nairobi akikwambia 1,500 isiyo na turbo haivuti, hakudanganyi. Anakusimulia gari lake pale alipo.

Na turbo yenyewe ilijipatia jina kwa kutibu ugonjwa huohuo. Mswisi Alfred Büchi alisajili fikra yake mwaka 1905: moshi unaotoka kwenye injini, badala ya kupotea bure, uzungushe gurudumu dogo, na gurudumu hilo lizungushe jingine linaloisukumia injini hewa kwa nguvu. Mwaka 1918 mhandisi wa General Electric, Sanford Moss, aliipeleka injini ya ndege juu ya mlima Pikes Peak, Marekani, zaidi ya mita 4,000, akaonyesha kwamba turbo yaweza kurudisha nguvu zilizoliwa na mwinuko. Ndege zilihitaji msaada huo. Lori linalopanda kutoka Mai Mahiu linauhitaji. Mimi nikitoka Maweni kwenda Ganda, mlima uko wapi?

Lakini nisiinyime haki yake. Utamu wa turbo hauko kwenye mbio, uko kwenye mvuto wa chini, yaani nguvu ya kuvuta injini ikiwa bado inazunguka taratibu. Uko barabara ya Mombasa, umeshapita Gede unaelekea Kilifi, msitu wa Arabuko-Sokoke uko kando yako, na mbele kuna lori la chumvi lililotoka Gongoni likijikokota. Kumefunguka kidogo. Unakanyaga mafuta, gari linaondoka bila kupiga makelele na bila kushuka gia mbili. Injini ya Volkswagen ya 1.4 yenye turbo, ile ya farasi 122, hutoa mvuto wa niutoni mita 200 kuanzia mizunguko 1,500 hivi kwa dakika. 1NZ hutoa kama 138, nayo mpaka uizungushe kupita 4,000. AC ikiwa imewashwa, watu watano ndani na buti limejaa, tofauti hiyo unaisikia mgongoni. Kwa anayekwenda Mombasa kila wiki ni raha ya kweli na ni usalama pia, maana muda unaokaa upande wa wenzako wakati wa kupita lori unakuwa mfupi.

Sasa tuje kwenye siku za kawaida, ambazo ndizo nyingi.

Shafti inayounganisha yale magurudumu mawili ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kwenye turbo nyingi haina hata beringi za gololi. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Upande wake mmoja unapigwa na moshi wenye joto la kuweza kukifanya chuma kiwe chekundu. Oili ndiyo uhai wake wote. Gari la kila siku mjini linaidhulumu oili hiyo kwa njia mbili. Kwanza safari fupi: watoto skuli, kisha sokoni, kisha Lamu Road unakwenda nyuma ya tuktuk, unazima, unawasha. Injini haipati joto la kutosha, na petroli isiyochomeka inateremka kwenye oili na kuifanya nyepesi. Pili ni kuzima ghafla. Umetoka Kilifi kwa mwendo wa 100, umefika dukani, unapinda ufunguo unashuka. Oili iliyobaki ndani ya turbo inakaangika na kugeuka masizi magumu, na masizi hayo huziba vijinjia ambavyo oili ingepita kesho. Dawa yake ni rahisi: kilomita ya mwisho uende pole, au ungoje dakika moja kabla ya kuzima. Matuta ya mtaani, ambayo sote tunayalaani, kwa jambo hili yanakusaidia.

Joto letu pia lina neno. Msimu wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, boneti la gari lililosimama juani huwezi kuliwekea kiganja. Ongeza joto la turbo chini yake, na mipira na plastiki zote za jirani huzeeka kabla ya wakati wake. Gari langu la turbo lilianza kupoteza nguvu kidogo kidogo, na wa kwanza kulitazama alinipa bei ya turbo nzima. Nikalipeleka kwa fundi ninayemwamini. Hakugusa turbo. Alipuliza hewa kwa kompresa kwenye njia ya kuingizia, akapaka povu la sabuni juu ya mabomba, akainama kutazama. Kwenye kona ya mpira unaokwenda kwenye intakula, yaani ile rejeta ndogo inayopoza hewa iliyosukumwa na turbo, povu likaanza kutoa mapovu madogo, moja baada ya jingine. Akauminya ule mpira kwa vidole viwili, ufa ukafunguka. Alipouachia ukajifunga, usiuone tena hata ukitumia tochi. "Kaka, turbo yako nzima," akaniambia. "Huu mpira ndio umechoka." Basi mwenye turbo huku Pwani ajue: gari likiishiwa nguvu, omba kwanza kipimo cha povu kabla hujakubali kununua kitu kikubwa.

Intakula nayo ina mapezi membamba ya alumini, na kwenye magari mengi inakaa mbele kabisa. Huko mbele ndiko unakopiga upepo wa chumvi. Wanaoishi karibu na ufuo wanajua chumvi inavyokula mabati na bawaba za milango. Nimeona intakula ambayo mapezi yake yanasagika ukiyagusa tu kwa kidole. Ioshe kwa maji baridi ya mpira, yasiwe na kani ya mashine, kila unapoosha gari. Ukielekea Marafa au Kakuyuni kwenye vumbi, angalia na filta ya hewa mapema kuliko kitabu kinavyosema. Injini isiyo na turbo ikivuta vumbi huchakaa taratibu. Turbo ikivuta vumbi, chembe zinakutana na mapanga yanayozunguka kwa kasi niliyoitaja, na mapanga hayo hayarudi kuwa mapya. Filta ya bei ya chini isiyokaa sawasawa pembezoni ni adui mkubwa kuliko filta halisi iliyochafuka.

Petroli. Fungua kile kifuniko kidogo cha tangi la gari la Japani usome, au umtumie picha mtu wa kukusomea, kwa sababu magari mengi ya turbo ya kule yanataka petroli ya oktani ya juu, yaani isiyoripuka kabla ya wakati injini ikiikandamiza. Toyota Harrier ya 2017 hadi 2020 ni mfano mzuri. Bodi ni ileile, na ukiacha ya haibridi, injini zote mbili ni 2,000 cc. Isiyo na turbo ina farasi 151 na inaridhika na petroli ya kawaida. Yenye turbo ina farasi 231 na inataka ya juu. Ukiipa ya chini, kompyuta ya injini inachelewesha cheche ya plagi ili kuzuia injini isigonge, na hapo unapoteza sehemu ya nguvu ulizolipia. Wauzaji husema turbo ndogo inabana mafuta. Inabana ukiwa na mguu mwepesi. Ukiikanyaga, ile hewa ya ziada inadai petroli ya ziada, na hakuna namna ya kukwepa. Ukitaka kubana mafuta kwenye foleni za Mtwapa, haibridi ya Toyota, ya petroli na umeme, yenye injini ya kawaida itakufaa zaidi. Faida moja ya wazi naikubali: ushuru wa bidhaa hupanda injini ikivuka 1,500 cc, na turbo ndogo inaweza kukupa nguvu za injini kubwa ukiwa bado chini ya mstari huo. Piga hesabu hiyo kabla ya kuagiza, ila weka na gharama za miaka inayofuata kwenye karatasi hiyohiyo.

Kisha kuna suala la fundi. Gereji yoyote ya Malindi utakayoingia, 1NZ inajulikana. Spea zake unazipata siku hiyohiyo, mpya au za kuvuliwa. Turbo ya gari lako ikitaka kifaa, kinapigiwa simu Mombasa au Nairobi, kinapandishwa basi kama mzigo, na wewe siku hizo unapanda bodaboda. Watazame wanaopeleka watalii Tsavo Mashariki kwa kupitia lango la Sala. Miaka mingi gari lao limekuwa Land Cruiser lenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo. Haina mbio, hunywa mafuta, lakini ukikwama porini inarekebishika kwa spana na akili. Watu hao gari ndilo linalowalisha.

Nikitaja dizeli, nisieleweke vibaya. Dizeli za kisasa karibu zote zina turbo, Hilux na Prado zikiwemo, na hilo lisikutishe. Moshi wa dizeli una joto dogo kuliko wa petroli, na injini zake zimejengwa kubeba turbo tangu mwanzo. Onyo langu kwenye dizeli ni jingine: zile ndogo za kisasa zenye chujio la masizi kwenye ekzosi hazifai kabisa kwa safari za kutoka nyumbani hadi sokoni. Chujio linahitaji safari ndefu ya moto ili lijisafishe, na lisipoipata linaziba.

Sababu za kuchukua turbo zipo, na nazitambua. Kwenu ni bara na kila likizo unapanda Nakuru au Kericho na familia. Unavuta mashua ya kuvulia kwa trela. Au kazi yako ni Mombasa na kurudi, mzigo ndani. Hapo ichukue bila hofu. Anayekwenda Lamu mara kwa mara mimi simhesabu humo, kwa kuwa barabara ni tambarare kutoka Gongoni hadi jeti ya Mokowe, na ukishapita Garsen gereji za kukufaa ni chache.

Ukishaamua turbo, oili ni ya sintetiki kamili, ya namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na iteremshwe kila kilomita 5,000, hata kama muuzaji amekwambia 10,000. Usiongezee ya aina nyingine kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu.

Na kama unanunua lililokwisha kutumika hapa nchini, nenda na fundi wako, asubuhi. Mwombe afungue bomba la hewa linaloingia kwenye turbo. Kwa vidole aishike nati iliyo katikati ya mapanga. Ikicheza kidogo sana kushoto na kulia ni kawaida, kwa sababu ule utando wa oili unahitaji nafasi. Ikicheza kwenda mbele na nyuma, kuingia na kutoka, msiendelee. Atazame ncha za mapanga kama zimemomonyoka, na ndani ya bomba kama kumelowa oili kupita unyevu wa kawaida. Kisha iwashwe, iachwe ingurume taratibu dakika kadhaa, halafu ikanyagwe mara moja huku mmoja wenu amesimama nyuma. Moshi wa buluu ukitoka, oili inavuja kwenye injini au kwenye turbo, na kwa vyovyote bei si hiyo tena.

Mwambie muuzaji tangu jana yake asiliwashe gari kabla hamjafika, maana lililokwisha kupashwa moto linaweza kuficha kasoro. Mkifika, weka kiganja kwenye boneti. Ukikuta lina moto, mpe mkono, umwambie mtarudi kesho.