Jibu: Kupunguza kelele za feni kwa kushusha volti

Mkuu, umeuliza kama feni ya volti 12 ya kesi (boksi) ya kompyuta itaharibika ukiipa volti 7 ili kelele zipungue. Haiharibiki. Itazunguka polepole tu, na uzuri ni kwamba kelele hushuka haraka kuliko upepo: kasi ikipungua nusu, upepo nao hupungua takriban nusu, lakini kelele zinaweza kushuka kwa desibeli 15 hivi. Hiyo utaisikia waziwazi.

Cha kuangalia ni kuanza. Feni huhitaji volti nyingi zaidi kuanza kuzunguka kuliko kuendelea kuzunguka, kwa hiyo usiridhike kwa kuwa sasa inazunguka. Zima kompyuta, iache ipoe, washa tena uone kama inaanza yenyewe. Kwa volti 5 baadhi ya feni hugoma kabisa.

Ile njia ya kuunga feni kati ya waya wa njano (volti 12) na mwekundu (volti 5) za pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ili upate volti 7 inafanya kazi, ila mimi siipendi. Umeme unarudishwa kwenye laini ya volti 5, na feni ikipiga shoti, volti 12 zinaingia moja kwa moja kwenye laini inayolisha diski zako. Anzia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi unayoifungua kompyuta inapowaka). Bodi mama (bodi kuu ya kompyuta) nyingi hushusha volti za feni ya pini 3 zenyewe. Ya pini 4 iachie volti 12 kamili, kasi yake idhibitiwe kwa PWM (ishara ya kuwasha na kuzima haraka haraka).

Feni ya pawasaplai usiiguse. Ndani mle hubaki umeme wa hatari hata ukishachomoa waya ukutani.