Kuwa radhi sio kunyamaza

SWALI: Shikamoo mama. Mimi nina watoto watatu, nakaa Nzuguni hapa Dodoma, nilikuwa napikia mafundi kule Mtumba kipindi majengo ya wizara yanajengwa. Biashara ilikuwa nzuri jamani, masufuria matatu ya wali yanaisha kabla ya saa nane, nikapata kiwanja, nikaanza kuwaza cha pili mpaka usingizi unakata. Sasa kazi upande ule imeisha mafundi wameondoka, na msimamizi mmoja aliyekuwa anakopea vijana wake chakula kwangu kaondoka na deni la laki nane na sitini, simu hapokei. Nikilisema hili kwenye ibada ya nyumbani naambiwa Paulo alisema tuwe radhi na hali yoyote, niache kunung'unika nimwachie Mungu. Nimeomba mpaka nimechoka na moyo bado unawaka, yaani mwenzangu wa kwaya kahamia kwake juzi nikashindwa hata kumpa hongera. Je kudai hela yangu ni kukosa imani? Na huko kuridhika mtu anakupataje?

JIBU: Marahaba mwanangu, mbukwa, kama tunavyosalimiana Kigogo. Tuanze na hela, moyo utasubiri kidogo. Dai. Chukua daftari lako la madeni, wachukue na hao vijana wawili watatu ambao bado wapo mjini waliokula kwako, nenda kwa mtendaji wako akuelekeze, na ikishindikana Mahakama ya Mwanzo wanasikiliza madai kama hayo na wala huhitaji wakili. Hiyo sio dhambi.

Na waliokunyamazisha kwa Paulo waambie wasome habari zake zote sio kamstari kamoja. Yale maneno ya kuwa radhi yako Wafilipi 4:11, aliwaandikia watu wa mji wa Filipi akiwa kifungoni. Sasa hukohuko Filipi miaka ya nyuma, Matendo 16, yeye na Sila walichapwa bakora hadharani bila kesi, miguu ikatiwa kwenye mkatale, na usiku wa manane wakawa wanaimba mpaka wafungwa wengine wanasikiliza. Hapo ndo wahubiri wetu wanapoishia. Ila kesho yake asubuhi makadhi wakatuma askari kwamba waachieni hao waende zao, Paulo akagoma! Akasema mmetupiga mbele za watu bila kutuhukumu na sisi ni raia wa Rumi, halafu mnataka tutoke kimyakimya, waje wenyewe watutoe. Na wakaja, wakawabembeleza. Mtu huyohuyo aliyeimba usiku ndiye aliyedai haki yake asubuhi, na wale watu wa Filipi waliposoma barua yake wengine walikuwa wanaikumbuka hiyo asubuhi, kwa hiyo hakuna hata mmoja angeelewa kwamba kuwa radhi maana yake kukaa kimya.

Tena soma mstari wa 14, huo hauandikwi nyuma ya bajaji kama ule wa 13 wa nayaweza mambo yote. Anasema mlifanya vema mliposhiriki nami katika dhiki yangu, maana walimtuma Epafrodito na msaada na huyo Epafrodito aliugua karibu afe. Wao hawakumwambia Paulo ridhika, wao walituma mtu na mzigo. Bibi yangu alikuwa mtoto wakati wa njaa ya Mtunya, ile ya 1917 mpaka 1920 hapa Ugogo, majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza yamechukua nafaka na ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo halafu mvua nayo ikagoma, na mi sikuwahi kumsikia akimhubiria mtu mwenye njaa, alikuwa anauliza tu umekula? basi anaingia jikoni.

Haya sasa moyo. Angalia neno alilotumia, nimejifunza. Kumbe hata yeye hakuzaliwa nalo, na halikuja kwa maombi ya siku moja. Halafu mstari wa 12 anasema amefundishwa kushiba na kuona njaa. Kuona njaa tunaelewa, ila kushiba nako kunafundishwa? Mwanangu umeniandikia mwenyewe kwamba kipindi wali unaisha kabla ya saa nane ulikuwa hulali unawaza kiwanja cha pili. Kwa hiyo huo moto moyoni hukuletewa na yule msimamizi, yeye kauchochea tu, na hata akikulipa kesho yote laki nane na sitini nina wasiwasi wiki mbili utakuwa umerudi palepale. Sikusemi vibaya, nakujua maana najijua.

Mi nililima zabibu Hombolo, mwaka mmoja mnunuzi aliyeniahidi hakutokea na zabibu sio mtama useme utaweka ghalani, zikaozea mtini nazitazama. Wamama wa kanisani wakaja na debe la uwele na nikajificha ndani nikamtuma mtoto aseme sipo. Yaani nilikuwa tayari kulala njaa kuliko kupokea, na nikawa najiita mtu wa kuridhika! Walirudi siku ya pili, nikatoka, tukasonga ugali na mlenda tukala wote pale barazani, na usiku ule nililala. Shamba bado limeoza, deni la dawa za shamba bado lipo, lakini nililala.

Ukiomba tena usimfiche Mungu hasira. Zaburi ya 13 Daudi anaanza kwa kumuuliza hata lini, na hakufukuzwa. Na kwa huyo wa kwaya nenda ukaione nyumba, beba hata sukari kilo moja, usingoje moyo utulie kwanza, huwa unakuja nyuma.

SWALI: Mama mi ni mlinzi huku Kongwa, miaka minne mshahara uleule. Nikiomba nyongeza bosi ananisomea Luka 3:14, mtoshewe na mshahara wenu. Nifanyeje?

JIBU: Bosi wako kaanzia katikati. Yohana Mbatizaji alikuwa anaongea na askari waliokuwa wanawanyang'anya raia, na kabla ya hilo la mshahara kasema msidhulumu mtu. Andika barua ya nyongeza kwa adabu, na akifungua tena Biblia muombe akusomee na Yakobo 5:4, pale ujira uliozuiliwa wa wavunaji unapopiga kelele.