Jibu: Mmumunyo wa sodiamu haidroksaidi 0.1 M unatoka mkali kupita kipimo

Ndugu, umeuliza kwa nini mmumunyo wako wa 0.1 M (mole 0.1 kwa kila lita) unatoka mkali, yaani wenye sodiamu haidroksaidi nyingi kuliko ulivyokusudia. Umesema uliyeyusha gramu 1 ya punje zake ndani ya chupa ya kipimo ya ml 250, ukajaza maji hadi alama papo hapo. Hesabu yako ni sahihi (gramu 40 kwa mole × 0.1 M × lita 0.25 = 1.0 g). Kosa mojawapo ni joto, ingawa kwa gramu 1 tu athari yake ni ndogo sana.

Molekuli za maji huzingira ioni (chembe zenye chaji) za sodiamu na haidroksaidi na kuzing'oa kwenye punje. Kuzingirwa huko hutoa nishati nyingi kuliko iliyotumika kuzitenganisha, ndiyo maana mmumunyo unapata joto. Maji yenye joto hutanuka kidogo. Yakipoa yanashuka kidogo chini ya alama, na mmumunyo unabaki mkali kidogo.

Yeyusha kwanza kwenye bika yenye ml 100 hivi za maji yaliyokenekwa, ukikoroga. Ngoja ipoe kabisa. Mimina kwenye chupa, suuza bika mara 2 au 3 na maji hayo yaingie pia, kisha jaza hadi alama na utikise.

Pima punje haraka, zinanyonya unyevu na kaboni dioksaidi hewani. Kwa hiyo hata ukifuata yote haya, hakiki ukali wake kwa kutaitreti (kupima kiasi cha mmumunyo kinachomaliza asidi ya kiasi kinachojulikana) na asidi ya oksaliki. Vaa miwani na glavu, tafadhali.