Misumari haichongi, hupigiliwa

Msomaji wetu wa Tanga ameniletea picha ya kazi ya Günther Uecker, msanii wa Ujerumani aliyefariki Juni 2025 akiwa na miaka 95. Ni ubao mweupe wa kutundika ukutani, umejaa misumari iliyolala upande kama nyasi zilizopigwa na upepo. Chini yake mtu ameandika: "mchoro uliochongwa kwa misumari." Msomaji anauliza: tuseme mchoro au mchongo?

Si mchoro, wala si mchongo. La mchoro ni jepesi: mchoro ni mistari juu ya kitu bapa, na hii ukiipitishia kiganja itakuchoma. Hilo "uliochongwa" ndilo lililoniondolea usingizi.

Kuchonga ni kupunguza. Fundi wa mitumbwi akichonga kwa tezo, gogo linapungua na vibanzi vinarundikana miguuni pake. Mtoto akichonga penseli, inafupika. Hata greda likichonga barabara, linakwangua udongo na kuusukuma pembeni. Palipochongwa pana mabaki. Sasa nionyesheni mabaki ya Uecker! Alichukua ubao, mara nyingi akauvika kitambaa kwanza, akapigilia misumari mmoja baada ya mwingine, huu wima, ule umeinama kidogo, mpaka vivuli vyake vikawa sehemu ya kazi: taa ikihama, na vivuli vinahama. Ubao ule ulimaliza ukiwa mzito kuliko ulivyoanza. Umechongwa wapi?

Tangu "mchongaji" ligeuzwe jina la kila mwenye kutengeneza sanamu, tumevitupa vitenzi vyetu. Afinyangaye udongo, mchongaji. Achomeleaye vyuma, mchongaji. Nimesoma mara nyingi kwamba Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam "ilichongwa". Ile ni shaba! Shaba husubiwa: huyeyushwa, ikamiminwa kwenye kalibu. Kufinyanga, kusubu, kufua, kuchomelea, kupigilia: kila kimoja kinamwambia msomaji mikono ilifanya nini, na tunavifuta vyote kwa neno moja kwa sababu ndilo lililokuwa karibu na kalamu.

Kwa Uecker hasara ni kubwa zaidi. Mwaka 1945, jeshi la Kisovieti lilipokuwa likikaribia, yeye akiwa kijana wa miaka 15 aligongomea mbao milangoni na madirishani kwao ili kuwalinda mama yake na dada zake. Alilisimulia jambo hilo mwenyewe. Baadaye akapigilia misumari kwenye viti, kwenye piano, na mwaka 1963 hata kwenye televisheni. Ukiandika "alichonga", umeukata uzi unaotoka kwenye dirisha lile mpaka kwenye ubao huu.

Na kinachoniuma ni kwamba neno tunalo. Nyumbani kwa bibi yangu kulikuwa na kasha la Kizanzibari, uso wake wote umepigiliwa misumari midogo ya shaba, vichwa vya mviringo, safu kwa safu. Nilikuwa nikivihesabu kwa kidole gizani, na pale kimoja kilipong'oka kidole kilizama kwenye tundu. Bibi hakusema kasha limechongwa. Alisema limetiwa njumu. Neno hilo limetoka kwenye Kiarabu, nujum, yaani nyota. Msumari nao ni mismar wa huko huko. Leo vijana wanalijua njumu kwa viatu vya mpira, na hawajakosea, maana viatu hivyo vina vichwa vyake chini ya soli.

Najua nitaambiwa njumu za kasha ni pambo tu, na za Uecker ndizo kazi yenyewe, tena ni misumari ya kawaida inayouzwa kwa kilo kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Sawa. Lakini chuma kimeingia kwenye mti kwa nyundo, na jicho linafuata vichwa vyake. Sioni neno lililo karibu zaidi.

Anayeona njumu ni neno la kizamani aseme "sanamu dhahania ya ukutani". Nitalivumilia, ingawa wapo wanaodai sanamu lazima ifanane na mtu au mnyama. Ila kitenzi sikiachii. Msomaji wa Tanga, maelezo ya picha yako yasomeke hivi: "Kazi ya njumu ya Günther Uecker: misumari iliyopigiliwa kwenye ubao, ikapakwa rangi nyeupe."