Kabla hujamgombeza muuza maharage, pima mizani yako

Mwaka jana nilinunua maharage kilo 10 soko la Mbuyuni, hapa Moshi. Nyumbani nikayatundika kwenye mizani yangu ya ndoano: kilo 9 na gramu 600. Kesho yake nikarudi kwa yule mama nimefura. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Baba, na hiyo yako nani aliipima?"

Sikuwa na jibu.

Jioni nikaazima jiwe la kilo 5 kwa jirani yangu muuza nyama, ambaye mizani na mawe yake hukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Nikaifunga mizani kwenye kenchi la banda, maana ukiishika kwa mkono mshale hautulii. Tupu, ilisoma sifuri safi. Hapo ndipo wengi tunapoishia, tukidhani kazi imekwisha. Nikalishusha jiwe taratibu: kilo 4.8. Nikalivuta kidogo chini, nikaliachia polepole: kilo 5.2! Nikarudia mara tano, hali ile ile.

Tofauti hiyo ya kushuka na kupanda ndiyo iliyonifumbua macho. Springi iliyochoka hukosea upande mmoja, kila mara. Inayosoma pungufu ikishuka na zaidi ikipanda ina kitu kinachokwama ndani. Nilipoifungua nikakuta kutu. Stoo yangu inavuja, na mizani ilining'inia humo masika yote.

Huna jiwe? Tumia maji. Lita moja ni kilo moja. Kwa joto la nyuzi 25 inapungua kama gramu 3 tu, hazikusumbui. Ila usiamini mistari ya jagi la plastiki. Chukua chupa tano za dukani za lita 1.5 ambazo hazijafunguliwa, zitie kwenye mfuko, tundika: unatarajia kilo 7.5 na uzito wa plastiki kidogo. Mkishayanywa hayo maji, pima chupa tupu na mfuko, uondoe. Na pima karibu na uzito unaoutumia. Mizani inaweza kuwa kweli kwenye kilo 1 na ikaongopa kwenye 10.

Shemeji yangu, mwalimu wa fizikia, alinitetea kwamba mvutano wa dunia huku karibu na ikweta ni mdogo, kwa hiyo mizani ya springi iliyorekebishwa Ulaya husoma pungufu hapa. Ni kweli, lakini kwa kilo 10 hiyo ni kama gramu 30. Mimi nilikuwa nadai gramu 400.

Nimeisafisha kutu, nikaitia mafuta ya cherehani. Sasa jiwe likishuka au likipanda, tofauti haizidi gramu 50. Inanitosha kwa matumizi ya nyumbani. Ya kuuzia ni lazima ikaguliwe na Wakala. Kwa yule mama nilirudi Jumamosi, nikanunua kilo 10 nyingine. Aliponiona tu akacheka: "Leo umekuja na mizani au umekuja na hela?"